Tope la Mkoko na Watumishi Wake

Historia ya pwani yetu imezoea kusimulia mambo yaonekanayo kwa macho: miji ya mawe, majahazi, masultani, ngome na biashara ya pembe. Mambo hayo yana haki ya kusimuliwa. Lakini iko historia nyingine, iliyopita chini ya nyayo za mabaharia wote hao, wala isiandikwe na katibu yeyote mpaka karibu na zama zetu. Ni historia ya tope jeusi la mikokoni, na ya viumbe wadogo mno wanaolitumikia. Nakuomba, msomaji, ufuatane nami katika historia mbili kwa pamoja, ya mti na ya tope. Watu walizitenga kwa karne nyingi, na kutengwa kwake kumetugharimu.

Tuanze na mti. Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, utaona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Upana wake hukaribia mita 3, na mara nyingi haufiki hapo. Mjenzi hakupungukiwa na mawe wala nafasi. Upana wa chumba ulipimwa kwa boriti, na boriti ilikatwa mikokoni. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na boriti ikizidi urefu huo haiwezi kuichukua bila ya kupinda. Basi mti uotao ndani ya maji ya chumvi ndio ulioamua umbo la nyumba ya nchi kavu.

Sifa za mti huo zilivuka bahari. Mwanajiografia Al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kuwa nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Zanji ndilo jina ambalo watu wa zama zile waliita pwani ya mashariki ya Afrika. Nchi za Ghuba zina lulu, tende na samaki, lakini miti ya kujengea ni haba. Kwa hiyo majahazi yalishuka kwetu kwa pepo za kaskazi na kupanda kwa pepo za kusi, yamesheheni miti. Mwaka 1938 baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait hadi pwani yetu. Aliwaona mabaharia wakiingia wenyewe katika tope la Rufiji kukata na kupakia shehena yao, na mwaka 1940 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo.

Wakataji wa Lamu waliipa miti hiyo majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Maganda yake nayo yalipata wanunuzi, kwa kuwa yana dawa ya kutengenezea ngozi. Serikali ya kikoloni ilipotambua thamani hiyo iliitangaza misitu ya mikoko ya Kenya kuwa mali ya serikali mwaka 1932. Baada ya uhuru, mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza miti hiyo nchi za nje, kwani ilionekana kuwa shoka linakwenda mbio kuliko mche.

Tazama sasa, msomaji, jinsi hesabu yote hiyo ilivyokuwa. Mfanyabiashara alihesabu korija, nahodha alihesabu shehena, na serikali ilihesabu ushuru. Hapakuwa na hata mmoja aliyehesabu tope.

Tope, kwa upande wake, halikupata mnunuzi wala msifu. Lanuka kama yai viza, lanasa mguu, lachafua nguo. Watu wa Ulaya waliofika katika nchi za joto katika karne ya 19 walilishitaki kwa kosa kubwa zaidi: walidhani kuwa hewa itokayo katika vinamasi vya namna hiyo ndiyo iletayo homa. Neno lenyewe malaria latoka katika Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Tope liliachiliwa katika shitaka hilo mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India. Lakini kuachiliwa si kuheshimiwa. Hata baada ya hapo, wengi waliendelea kuona kuwa mikokoni ni mahali pa kufukiwa, kukaushwa au kutupiwa taka.

Elimu iliyokuja kulitetea tope haikuzaliwa mikokoni. Ilizaliwa katika maziwa ya chumvi, katika maghala ya samaki, na katika mitaro ya miji ya Ulaya. Hatuna budi kwenda huko kwa kitambo kidogo, kisha turudi nyumbani.

Mwaka 1833 Charles Darwin, akiwa bado kijana, alifika penye ziwa la chumvi karibu na mji wa Patagones huko Argentina. Aliona tope jeusi lenye harufu mbaya, na maji yenye sura ya wekundu, na viumbe wadogo wakiishi ndani ya maji makali kiasi kile. Alistaajabu, akatambua kuwa uhai unaweza kufanya makao hata pale ambapo mtu angedhani ni kaburi. Lakini hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyeyatia maji yale rangi.

Jibu lilikuja kwa njia ya samaki. Wewe wajua kuwa mvuvi humtia samaki chumvi ili apate ng'onda, kwa sababu chumvi huvuta maji, na vijidudu vya kuozesha hukauka na kufa. Hata hivyo wafanyabiashara wa samaki wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini walikuwa na taabu ya siku nyingi: samaki waliokolea chumvi waligeuka wekundu ghalani, wakaharibika. Mwaka 1919 Mjerumani Heinrich Klebahn alieleza habari za bakteria wekundu waliopatikana katika samaki hao. Walikuwa viumbe ambao chumvi kali haiwadhuru, bali ndiyo maisha yao. Ukiwatia katika maji matamu hupasuka. Mwaka 1936 mtaalamu kijana Benjamin Elazari-Volcani alitangaza kuwa amepata viumbe hai hata katika Bahari ya Chumvi ya Palestina, ambayo ukali wake wakaribia mara 10 ya bahari ya kawaida, na ambayo kwa karne nyingi iliitwa Bahari ya Mauti.

Viumbe hawa huishije? Njia zao ni mbili. Wako wanaoiruhusu chumvi iingie ndani ya miili yao, nao wameumbwa hata kila kiungo chao kifanye kazi ndani ya chumvi. Wengine huizuia nje, na badala yake hutengeneza ndani yao vitu laini vinavyoshika maji yasivutwe. Mwaka 1977 Wamarekani Carl Woese na George Fox walionyesha kuwa baadhi ya vijidudu vilivyoitwa bakteria si bakteria kabisa, bali ni ukoo wa peke yake, ambao leo huitwa arkea. Wapenda chumvi wekundu wengi waliingizwa katika ukoo huo. Hao ndio mara nyingi hutia rangi ya waridi katika mabwawa ya kukaushia maji ya bahari ili kupata chumvi.

Wakati huohuo wataalamu wengine walikuwa wakichunguza tope. Katika miaka ya 1880 Mrusi Sergei Winogradsky aliona kuwa wako bakteria wanaojipatia nguvu kwa kuunguza kibiriti, kama vile sisi tunavyojipatia nguvu kwa kuunguza chakula. Mwaka 1893 alionyesha kuwa wako wengine waishio pasipo oksijeni ambao wanaweza kuikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula. Naye Mholanzi Martinus Beijerinck, mwaka 1895, alitangaza habari za bakteria wa tope la mitaro wanaopumua kwa salfeti mahali pa oksijeni, na kutoa ile hewa inukayo kama yai viza. Basi harufu iliyomchukiza kila mpita njia ilikuwa ni pumzi ya watumishi walio kazini.

Sasa turudi mikokoni na elimu hii mkononi.

Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita. Lakini mikokoni chumvi haikai mahali pamoja. Karibu na mkondo wa mto hupungua. Kule juu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, jua huyakausha maji na kuiacha chumvi, hata ardhi ikafanya ukoko mweupe usioota kitu. Kwa hiyo ndani ya msitu mmoja utapata viumbe wanaoivumilia chumvi na wanaoipenda, kila mmoja katika daraja yake, kama vile mkoko, mkandaa na mchu walivyogawana ufuo.

Jani la mkoko likianguka, kaa hulivuta shimoni mwake, akalitafuna na kulipasua. Bakteria na kuvu hulishukia yaliyobaki. Juu ya tope iko oksijeni kidogo. Chini yake, mara nyingi kwa kina cha milimita chache tu, oksijeni imekwisha. Hapo wapumuao salfeti hushika zamu, na bahari huwaletea salfeti mpya kila maji yanapojaa. Hewa wanayoitoa hushikana na chuma kilicho ndani ya tope, na ndiyo sababu tope ni jeusi. Lakini chuma hicho kilikuwa kimeishikilia fosfeti, ambayo ni chakula kikubwa cha mimea. Kikishikana na kibiriti, huiachilia fosfeti, na mzizi huipata. Bakteria wengine, waishio juu ya mizizi na katika utando wa kijani juu ya tope, huikamata naitrojeni ya hewani. Wengine huigeuza ile hewa ya sumu isizidi kipimo. Hivyo jani lililokufa hurudi kuwa jani lililo hai, na msitu huishi kwa mali ile ile iliyozungushwa mara nyingi.

Wala mti haupokei tu. Mizizi yake hupeleka hewa chini kwenye tope lisilo na hewa, nayo hutoa sukari kidogo inayowalisha watumishi hao. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Meksiko, akina Gina Holguin na Yoav Bashan, walichunguza mizizi ya mikoko ya nchi ile, wakapata humo bakteria wakamatao naitrojeni na bakteria wayeyushao fosfeti. Walijaribu hata kuipaka miche ya mikoko bakteria wapenda chumvi, nao wakashika makao juu ya mizizi. Ulikuwa mkataba wa kale, ila hakuna aliyekuwa ameusoma.

Faida ya mkataba huo haiishii msituni. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 huko Florida, Marekani, Eric Heald na William Odum waliyafuata majani ya mikoko tangu kuanguka mpaka kuoza. Waliona kuwa jani likioza huzidi kuwa chakula bora, kwa sababu bakteria na kuvu waotao juu yake huliongezea protini. Kamba na samaki wadogo hula uozo huo, na samaki wakubwa huwala hao. Kwa hiyo mvuvi atupaye wavu mbali na msitu huenda anavua kilichoanza kwa jani la mkoko. Na utafiti wa Gazi, katika pwani yetu ya kusini, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa mali nyingi itokayo mikokoni huko huishia katika nyasi za bahari zilizo jirani, na kidogo sana hufika kwenye matumbawe.

Gazi iko katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini ya Mombasa. Hapo ndipo historia ya mti na historia ya tope zilipokutana. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya ghuba hiyo zilikatwa ili zipatikane kuni za matanuri ya chokaa na matofali. Waliokata walihesabu kuni. Yamkini walidhani kuwa msitu ungerudi wenyewe, kama kichaka kirudivyo shambani baada ya mvua. Haikuwa hivyo. Palipofyekwa kabisa palibaki wazi mwaka baada ya mwaka. Kivuli kilikuwa kimeondoka, jua lilichoma tope, mawimbi yalipita bila kizuizi, na mti mama wa kuangusha miche hakuwako.

Mwaka 1991 kazi ya kupanda upya ilianza huko, ikiongozwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya pamoja na wenyeji. Miche ilipandwa kwa mkono, mmoja mmoja, na baadhi ya mahali palipokuwa uwanja mtupu pakawa msitu tena. Kaa wakarudi, na jani likaanza tena kuanguka juu ya tope lenye wa kulipokea.

Lakini funzo kubwa la Gazi lilitoka katika jaribio moja, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Joseph Lang'at, James Kairo na wenzao walichagua viwanja vidogo 10 katika msitu wa mikoko. Katika 5 walikata ganda kuuzunguka mti, kisha wakaiangusha miti; 5 waliviacha kama vilivyo. Katika viwanja vilivyoachwa, ardhi ilipanda karibu milimita 4 kwa mwaka. Katika viwanja vilivyokatwa, ardhi ilizama karibu milimita 32 kwa mwaka, na hewa ya ukaa ikazidi kutoka kwenye tope.

Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Watumishi wa tope hawakukimbia mti ulipokufa. Walibaki na kuendelea na kazi yao, kwa sababu hawajui nyingine. Mti ulipokuwa hai, walikula majani yaliyoanguka, na mizizi mipya ilijaza nafasi ya ile ya zamani. Mti ulipokufa, hapakuwa na jani jipya wala mzizi mpya. Wakala mizizi iliyokufa, na tope likashuka na kushindiliwa. Viumbe wale wale wanaoujenga msitu ndio wanaoubomoa msingi wake ukiondolewa mti. Na katika zama hizi, ambamo bahari inapanda, ufuo unaozama ni nyumba inayobomolewa kutoka pande mbili.

Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni hawakuliacha funzo hilo vitabuni. Mwaka 2013 walianzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu na kupunguziwa njia ya kuharibika. Mapato yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2019 mradi mwingine wa namna hiyo ulianza upande wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwa mara ya kwanza katika historia ndefu ya biashara ya mikoko, tope limeingizwa katika daftari ya hesabu.

Si haki, hata hivyo, kumtupia lawama zote mkata miti. Kenya ina karibu hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu yake iko Lamu, ambako ukataji ni kazi iliyorithiwa na watu wasio na mali nyingine. Marufuku ikija, anayelala na njaa kwanza si tajiri wa mjini. Mtu huyo naye ni sehemu ya msitu, na sheria isiyomjali haitadumu. Tena mti mmoja ukichaguliwa vema na kukatwa, ukaachwa wenzake, waweza kuziba pengo lake; lakini uwanja ukifyekwa wote, pengo laweza kukaa wazi maisha ya mtu mzima. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo elimu ambayo mababu zetu hawakuipata, nasi tumeipata.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kuwa mahali fulani mikokoni ni tope tupu, lisilofaa ila kufukiwa, mwulize anahesabu nini. Mwulize ni nani atakayerudisha rutuba kwa samaki, na ni nani atakayeiinua ardhi bahari inapopanda. Akisema kuwa haoni mtu yeyote anayefanya kazi hiyo, umesikia kosa lile lile lililodumu tangu siku za Siraf. Kazi inafanywa hapo usiku na mchana, maji yakijaa na maji yakipwa, na wafanyao hawataki ujira mwingine ila waachiwe mti.